Kuwajibika, Nduli na Basalama: Maneno ya Haki na ya Ulinzi katika Habari za Shinyanga na Geita

Mnamo Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania, alijiuzulu kazi yake. Hakuwa amempiga mtu yeyote kwa mkono wake. Lakini mwaka uliotangulia, katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, polisi na watu wa usalama waliokuwa wakiwatafuta wauaji wa vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi walikamata watu kwa mamia, wakawatesa ili wapate kusema, na baadhi ya waliokamatwa wakafa wakiwa mikononi mwa dola. Pamoja na Mwinyi aliondoka waziri mwenziwe, Peter Siyovelwa, na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Baadaye maafisa kadhaa walifikishwa mahakamani wakafungwa. Mwinyi mwenyewe alipelekwa Misri kuwa balozi, na mwaka 1985 akawa Rais wa nchi.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi, na kila isimuliwapo hufuatwa na neno moja kama kivuli chake: kuwajibika. Miezi ishirini na moja baada ya barua ile, nchi hiyo hiyo iliingia vitani dhidi ya jirani aliyekuwa ameikalia sehemu ya ardhi yake, na vita hiyo nayo ikaacha maneno yake. Kisha vita ikaisha, na baadhi ya matokeo yake yakarudi Shinyanga, ambako wanavijiji walijitungia jina jingine la ulinzi. Miaka ikapita, dhahabu ya Bulyanhulu na Geita ikaleta msamiati wa tatu. Ni mara chache eneo moja la nchi kutoa kwa Kiswahili maneno mengi namna hii ya haki na ya ulinzi katika muda wa nusu karne, na ni ajabu kwamba maneno hayo hayajahakikiwa kwa pamoja. Yafaa yahakikiwe, hasa tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama za Tanzania. Neno ambalo jana lilikuwa la hotuba na la gazeti, kesho litakuwa la hati ya mashtaka.

Kuwajibika kuna asili ya Kiarabu. Wajibu, katika elimu ya dini, ni jambo lisiloachika: alitendaye hupata thawabu, aliachaye hupata dhambi. Kiswahili kilipokwisha kulipokea jina hilo kikalinyambua kwa kanuni zake chenyewe, na mnyambuliko uliotia mizizi zaidi ni ule wa kauli ya kutendeka, yenye -ik-. Kauli hii yajulikana na kila mwanafunzi wa sarufi. Kikombe kimevunjika, mlango umefungika, njia imepitika: hali imetokea, na sentensi haidai kumjua aliyeitenda. Ndiyo maana kauli ya kutendeka haipokei mtenda kwa urahisi. Hakuna asemaye kwamba kikombe kimevunjika na mtoto, isipokuwa ameteleza ulimi.

Basi kiongozi anapowajibika, sarufi humweka katika hali. Amefikwa na wajibu kama mlango ufikwavyo na kufungika. Na hapa ndipo ulipo uzuri wa neno hili, uzuri ambao wale walioliteua huenda hawakuupima kwa vipimo vya sarufi lakini waliuhisi. Mwinyi hakuwa mtenda wa vifo vile. Kama lugha ingelazimisha kumwita mkosaji, asingekuwa na sababu ya kuondoka. Na kama ingelazimisha kumwita asiye na kosa, vivyo hivyo. Kuwajibika kulimpatia nafasi ya tatu, ya mtu aliyebebeshwa jambo asilolitenda na akakubali kwamba mzigo ni wake. Lugha nyingi zenye dola kubwa kuliko Tanzania hazina kitenzi kimoja chepesi cha kusema hivyo.

Kujiuzulu, neno linalotumika sambamba na hilo, ni jingine kabisa, ingawa magazeti huyabadilisha mawili hayo kama shati na kanzu. Uzulu ni kumwondoa mtu madarakani. Kiambishi -ji- chamfanya mtu awe mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja: amejiondoa. Neno hili lahusu kiti tu. Mtu aweza kujiuzulu kwa maradhi, kwa hasira, au kwa kutaka kulima. Kuwajibika hakuhusu kiti hata kidogo. Kiti kiliingizwa ndani yake na siasa, hata leo mwananchi akisikia kwamba waziri amewajibika huuliza nani atashika nafasi yake. Katika matumizi ya ofisini neno limekwenda upande mwingine, likawa na maana ya kufanya kazi kwa bidii, na wafanyakazi huhimizwa wawajibike bila ya mtu yeyote kutazamia waache kazi. Maana hizi mbili zakaribia kupingana, lakini zaishi nyumba moja.

Udhaifu wa neno umo ndani ya uzuri wake ule ule. Kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda, na kwa kawaida haina nafasi ya mtendwa pia. Waziri aliwajibika. Kwa nani? Kwa jambo gani? Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 53, yajibu kwamba mawaziri huwajibika kwa pamoja Bungeni. Yaani yatumia kiambishi cha mahali. Wajibu unapelekwa kwenye jengo. Wanasiasa husema kuwajibika kwa wananchi, na kwa wananchi maana yake kwa wapiga kura wote kwa ujumla. Lakini aliyekufa katika chumba cha kuhojiwa mwaka 1976, na mjane wake, na ng'ombe waliouzwa kumtafuta, hawaingii katika sentensi hiyo kwa mlango wowote.

Na mlango upo. Kiswahili kina kauli ya kutendea, ambayo kazi yake hasa ni kumkaribisha mtu wa pili katika tendo: lia na lilia, kufa na kufia, simama na simamia. Kuwajibikia ni neno lililo halali kabisa, na mara chache hutumika likiwa na maana ya kulibeba jukumu la jambo fulani. Lakini katika habari za mwaka 1977, na katika zile zilizofuata, halisikiki. Hakuna gazeti lililozoea kuandika kwamba waziri aliwawajibikia waliokufa. Silabi moja tu ingewaingiza wafu wale katika historia ya lugha, na silabi hiyo haikutamkwa.

Kilichotokea badala yake ni kwamba neno lilinyambuliwa kuelekea juu. Kauli ya kutendesha ikatoa kuwajibisha, na kutendeshwa kukatoa kuwajibishwa, ambako siku hizi ni neno la adabu la kufukuzwa kazi. Mfano ulio wazi ni wa Desemba 2013. Operesheni Tokomeza, iliyopangwa kuwamaliza majangili wa tembo, ilikuwa imewaua na kuwatesa raia, na kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli, Mbunge wa Kahama, ikasoma taarifa yake mbele ya wabunge. (Kwamba taarifa hiyo ilisomwa na mbunge wa Kahama, katika nchi ile ile ya Shinyanga, ni sadfa ambayo mwanahistoria hawezi kuipita bila kuitazama.) Siku hiyo mawaziri wanne walipoteza nafasi zao: wa Mambo ya Ndani, wa Ulinzi, wa Maliasili na Utalii, na wa Mifugo. Mmoja, Khamis Kagasheki, alitangaza mwenyewe Bungeni kwamba anaondoka. Uteuzi wa wengine ulitenguliwa. Vitenzi viwili, basi, katika jioni moja. Kujiuzulu kwa aliyejitendea, kutenguliwa kwa waliotendwa. Na magazeti yakawaita wote wanne kuwa wamewajibika. Kati ya Shinyanga ya 1976 na Tokomeza ya 2013, neno lilikuwa limepoteza kile kilicholifanya liwe na thamani, yaani hiari.

Ukilinganisha haya na msamiati wa vita, tofauti ni kubwa. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliikalia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Julius Nyerere alilihutubia taifa. Hotuba hiyo ilisimama juu ya majina matatu, uwezo, sababu na nia, na yote matatu yakafungwa na kitenzi kimoja, kumpiga. Watanzania wa umri fulani waweza kuisema sehemu hiyo kwa moyo. Yawezekana kwamba sababu ya kukumbukwa kwake ni mdundo wa utatu, kama wasemavyo wengi. Lakini mhakiki wa lugha atazame pia kiambishi kidogo kilichomo katikati ya kitenzi. Ni -m-, mtendwa wa umoja. Nyerere hakusema kuwapiga. Waganda hawakuwamo katika kitenzi. Alikuwamo mtu mmoja. Katika hotuba ya vita, ambapo desturi ya mataifa ni kumpaka adui rangi moja na watu wake wote, silabi moja iliwatenga mamilioni na mtawala wao.

Nduli, jina alilopewa Amin na kurudiwa na redio na magazeti hata watoto wakalichezea, lilifanya kazi hiyo hiyo. Ni neno la zamani la Kiswahili, la mtu mkatili amwagaye damu, na lilikuwa limekwisha kulala katika kamusi. Vita ikaliamsha. Nalo ni la umoja kwa tabia yake: hakuna kabila la manduli. Propaganda yake ilikuwa kali, tena wakati mwingine ya kutweza, na mhakiki hana haja ya kuipamba. Hata hivyo, majeshi ya Tanzania yalipoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, nchi ilikuwa na lugha ya kueleza kwamba haikwenda kuishinda Uganda.

Maelezo hayo hayakupokewa na wote. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia mwezi Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuvuka mpaka wa jirani. Hoja yao ilikuwa ya kanuni: mipaka isivukwe. Nyerere kwa miaka mingi alikuwa akisema kwamba viongozi wa Afrika walinyamaza Amin alipoua kwa sababu muuaji alikuwa mweusi mwenzao. Nchi ndogo na maskini, isiyo na ndege za kutosha wala fedha za kununua marafiki, inaposema maneno kama hayo mbele ya wakubwa, husikilizwa au hukataliwa kwa kadiri ya matendo yake nyumbani. Hapo ndipo barua ya Januari 1977 inapoonekana uzito wake. Tanzania iliweza kumlaumu mtawala aliyeua watu wake kwa sababu yenyewe ilikuwa imewaondoa wakubwa wake kwa ajili ya watu waliokufa Shinyanga na Mwanza. Haikuwa nchi isiyo na doa: sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila ya kuwashtaki ilikuwapo na ilitumika. Lakini katika jambo lile moja ilikuwa imejipima kwa kipimo ilichompimia jirani.

Vita iliyoisha huko nje haikuishia huko. Silaha zilizotapakaa, fedha zilizokwisha, bidhaa zilizotoweka madukani, yote yalifika katika vijiji vya Usukuma na Unyamwezi kwa sura ya wezi wa ng'ombe wenye bunduki. Mnamo 1981 na 1982, mipakani mwa Kahama na Nzega, wanavijiji walianza kujikusanya kwa pinde, mishale ya sumu na filimbi. Mtu akiibiwa hupiga mwano, yowe la kuomba msaada, na kila aliyelisikia hulipokea na kulipeleka mbele, kijiji hata kijiji, mpaka mwizi azingirwe. Kundi lilikuwa na ntemi wake, kamanda wake na katibu wake. Yaani utemi wa kale, jeshi na chama viliketi katika benchi moja.

Majina mawili yaliwashika. La kwanza, sungusungu, ni la mdudu: chungu mweusi akaaye ardhini, aumaye vibaya, na asiyetembea peke yake. Ni taswira iliyochaguliwa vyema, na pia ni taswira ya kutisha kidogo, kwa maana chungu mmoja hana jina wala hashtakiwi. La pili, Basalama, lastahili kutazamwa zaidi. Wanakijiji walichukua neno la Kiswahili, salama, wakalitia kiambishi cha watu cha lugha zao, ba-, wakapata watu wa salama. Katika Kiswahili cha serikali mzizi huo huo ulikuwa umekwisha kutoa usalama, na mtu wa usalama, ambaye kila mtu anajua kwamba si mtu wa kuulizwa jina. Miaka mitano kabla yake watu wa usalama walikuwa wamewatesa wanavijiji wa Shinyanga. Sasa wanavijiji wenyewe wakawa Basalama. Hapana haja ya kudai kwamba walikusudia kejeli. Mabadiliko ya kiambishi yatosha kueleza mamlaka yalikuwa yamehamia wapi.

Chama na serikali viliwabariki mapema, na hilo laeleweka: wizi wa ng'ombe ulipungua, nao hawakulipwa mshahara. Lakini msamiati wao wa haki ulikuwa mfupi. Palikuwa na faini, palikuwa na kutengwa, ambako ni adhabu nzito mno kijijini kwa kuwa mtengwa hauziwi chumvi wala hazikiwi maiti. Palikuwa na kukiri. Hapakuwa na neno lililozoeleka la kujitetea. Wanawake wazee waliodhaniwa wachawi, wale wale ambao vifo vyao vilikuwa vimeanzisha mkasa wa mwaka 1976, walijikuta tena mbele ya mkutano uliokwisha kuamua. Na katika vijiji ambamo kuni ni haba na samadi ya ng'ombe ndiyo ipikiwayo, macho mekundu ya moshi yalihesabiwa kuwa ushahidi. Mahakama Kuu, hasa kwa sauti ya Jaji James Mwalusanya katika miaka ya 1980, iliuliza ni sheria gani iliyowapa wanavijiji hao mamlaka ya kuhukumu.

Jibu la Bunge lilikuja 1989, nalo lilikuwa la kiistilahi kama lilivyokuwa la kisheria. Sungusungu waliingizwa katika sheria za mgambo. Neno mgambo limesafiri safari ndefu. Mwanzoni ni mbiu, pembe ipigwayo kuwaita watu wasikie tangazo, na ndivyo linavyobaki katika methali ya mbiu ya mgambo. Baadaye likawa jina la raia waliofunzwa vita, na ndio waliotumwa kwa maelfu mpakani katika 1978 na 1979. Sasa likafunika pia wanavijiji waliokuwa wakimkamata mwizi wa ndama. Kwa sheria hiyo, neno lililotumika kwa adui wa nje na neno lililotumika kwa jirani mbaya vikawa neno moja. Hili ndilo jambo la kutazamwa kwa makini kuliko yote katika historia hii, kwa maana tangu hapo mkondo umekuwa wa upande mmoja: maneno ya ulinzi wa mpaka yameingia nyumbani, na maneno ya haki ya nyumbani hayajaweza kuyazuia.

Mfano wake umo katika migodi. Bulyanhulu, wakati huo katika wilaya ya Kahama, ilikuwa imejaa wachimbaji wadogo kwa maelfu. Mwezi Agosti 1996 waliondolewa kwa amri ya serikali ili kampuni yenye leseni ishike eneo, na mashimo yakafukiwa. Kitenzi hicho ndicho kilichobeba ugomvi wote wa miaka iliyofuata. Kwamba mashimo yalifukiwa, hakuna aliyekana. Kwamba ndani yake watu walifukiwa, wanaharakati na baadhi ya wachimbaji walidai, serikali na kampuni wakakanusha, na ofisi ya usuluhishi ya Benki ya Dunia iliyochunguza malalamiko ikasema mwaka 2002 kwamba madai hayo hayakuthibitishwa. Wanaharakati hawakuridhika na uchunguzi huo. Baadhi ya waliolisema jambo hilo hadharani, akiwamo wakili Tundu Lissu, walishtakiwa kwa uchochezi. Mhakiki wa lugha hawezi kuliamua jambo hilo, wala si kazi yake. Lakini aweza kuona kwamba fukia, tofauti na zika, hakubagui kati ya udongo na mwili. Na kwamba serikali iliyoshtakiwa kwa neno fukia ilijibu kwa neno uchochezi, ambalo halihusu mashimo kabisa bali lahusu kinywa cha msemaji.

Baada ya migodi mikubwa kufunguliwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, mtu aingiaye ndani ya uzio kuokota mawe alipewa jina jipya katika taarifa na magazeti. Mvamizi. Kwa watu waliokwisha kusikia redio ya 1978, neno hilo lilikuwa na mwenyewe: wavamizi walikuwa askari wa Amin. Kuvamia ni kushambulia kwa nguvu na kwa ghafla mahali pa watu wengine. Kijana wa Geita achunguliaye magwangala, yaani mawe ya mabaki yaliyotupwa na mgodi, pengine juu ya kilima alichochunga mbuzi babu yake, amewekwa katika neno la jeshi la nje. Magwangala lenyewe ni neno la wenyeji, zito na la kejeli, na lafaa kuingizwa katika kamusi kubwa kabla halijabadilishwa na mtu wa ofisini. Mchimbaji mdogo alikuwa na haki hata kama ni ndogo kama jina lake, mvamizi hupigwa.

Kisha ukaja mwaka 2017. Mwezi Machi Rais John Magufuli alizuia kusafirishwa nje kwa mchanga wenye madini, na makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam. Kamati mbili, moja ya Profesa Abdulkarim Mruma na nyingine ya Profesa Nehemiah Osoro, zilileta taarifa zao Mei na Juni, na mwezi Julai Bunge likatunga sheria mpya juu ya mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya maliasili yake. Msamiati wa wakati huo ulikuwa wa vita waziwazi. Ilikuwa vita ya kiuchumi (au vita vya kiuchumi, kwa wale wanaoshika upatanisho wa zamani, mjadala huo hautaisha leo), na maadui walikuwa mabeberu, neno la mbuzi dume lililokwisha kutumika kwa wakoloni na sasa likarudi zizini likiwa limenona.

Katikati ya makelele hayo neno moja la kitaalamu likapenya, makinikia. Wengi waliendelea kusema mchanga, na kampuni zikanufaika na neno hilo, kwa kuwa mchanga ni kitu ambacho hakuna mtu agombanaye kwacho. Makinikia ni jaribio la kutafsiri neno la Kiingereza la madini yaliyokusanywa na kuzidishwa ukali wake. Lakini mtunzi alilifuata neno hilo katika maana yake nyingine, ya kukusanya fikira, akaangukia kwenye makini na makinika. Kwa hiyo shehena ya shaba, dhahabu na fedha imepewa jina la utulivu wa moyo. Ni kosa, na ni kosa zuri. Limeshinda mchanga katika vinywa vya watu, na lugha haina desturi ya kurudisha bidhaa iliyokwisha kununuliwa.

Vita hiyo ilimalizika kwa mapatano. Kampuni ya Barrick na serikali zikaunda kampuni ya ubia, Twiga, ambamo serikali ina hisa 16 kwa mia, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 300 kumaliza madai ya kodi. Nchi ndogo iliyasukuma makampuni makubwa mpaka yakakaa mezani, na kwa hilo yastahili sifa ipewayo. Lakini lugha ya mapatano ilikuwa na watu wawili tu ndani yake, serikali na kampuni. Waliochimba Bulyanhulu kabla ya Agosti 1996 hawakutajwa kwa jina la mchimbaji wala la mvamizi, na walioishi mbavuni mwa mgodi wa Geita walitajwa kama wanufaika wa zahanati na madawati.

Yule atakayekaa mezani kuzitafsiri sheria kwa Kiswahili atakutana na maneno haya yote. Sheria ya jinai ina kosa la kuingia mahali pa mtu bila ya ruhusa, na Kiswahili cha mahakama kinalo neno lake, kuingia kwa jinai, ambalo ni refu na halichangamshi mtu, lakini lamwacha mshtakiwa akiwa mtu mwenye kosa lenye mpaka na adhabu yenye kipimo. Mvamizi ni fupi na liko tayari kinywani. Uwajibikaji nao utahitajika katika kila sheria ya watumishi wa umma, na mtafsiri ataamua kama umalizikie Bungeni, kwenye kiambishi cha mahali, au aandike pia kuwajibikia, na baada yake amtaje mtu.

Mwinyi alifariki tarehe 29 Februari 2024. Katika tanzia nyingi zilizoandikwa wiki ile, habari ya 1977 ilisimuliwa tena kwa heshima aliyostahili, na kwa sentensi zilizofanana: aliwajibika kutokana na vifo vilivyotokea Shinyanga. Vifo vilitokea, nayo ni kauli ya kutendeka iliyovaa nguo nyingine. Shinyanga ni mahali, na vifo ni sababu. Mtendwa hayumo.